Nusu ya Treni Iliyokwenda Schliersee

Giesing, Munich,
Ujerumani.
Jumapili, 24 Machi 2019

Mpendwa Dada Poongodi,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu Nila na Kathir. Goti lako je? Mama aliniambia siku hizi unapanda ngazi za shule kwa zamu, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake. Usiyaache yale mazoezi niliyokuonyesha, hata kama unayaona mchezo wa watoto. Mimi mwilini sijambo. Baridi imeanza kulegea, ingawa makoti hatujayavua.

Utajiuliza kulikoni niandike kwa kalamu wakati juzi tu tumeonana kwenye simu. Dada, kwenye simu ile hatukuwa wawili. Alikuwepo Mama, alikuwepo Mama Mdogo, na yule jirani anayekuja kuomba majani ya mchuzi asitoke tena. Nikituma ujumbe, Mama humpa Kathir ausome kwa sauti, sebule yote isikie. Ndiyo maana nimeituma hii kwa anwani ya shule yako. Isome ukiwa peke yako, kisha uifiche mahali Mama hafiki.

Kabla sijasahau, achari imefika. Chupa moja ilivuja njiani, blauzi uliyonishonea ikalowa mafuta, nimeifua na kuifua na bado inanukia haradali. Naivaa hivyo hivyo. Kwenye lifti watu wananigeukia, na mimi nawaangalia tu.

Sasa nianze lililonifanya nikae mezani.

Katika barua yako ya sikukuu ya Pongal uliniandikia kwamba nimebahatika, kila Jumamosi nchi mpya, na kwamba Mama ameshamaliza ukuta kwa kubandika picha zangu. Sikukujibu. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Hebu kaziangalie tena picha hizo, dada. Kasri, ziwa, mlima, kanisa, daraja. Mimi niko mbele, nyuma yangu ndiko kiliko kitu chenyewe. Kila mahali nilipopelekwa katika nchi hii, nimepageuzia mgongo. Ninachokumbuka ni uso wa shemeji yako Ilango nyuma ya simu: "Sogea kushoto. Kidogo tena. Kayal, tabasamu, mbona kama umeitwa polisi?" Halafu tunakimbia, kwa sababu treni ya kurudi haimsubiri mtu.

Siku za kazi ni nyingine. Shemeji yako anatoka asubuhi, mimi nabaki na vyumba viwili, jiko, na dirisha linalotazama dirisha la wenzetu. Sokoni nanyoosha kidole. Kwa daktari naandamana na mume wangu, aeleze yeye kwa Kiingereza mahali ninapoumwa mimi. Mwanzoni niliona ni uchovu wa ugeni, utapita. Mwaka ukaisha. Unakumbuka nilivyokuwa hospitali ya Tirunelveli? Watu walikuja kwangu wamebebwa, wakaondoka wanatembea. Sasa ipo mikono yangu hii, kazi yake kukanda unga.

Nilitaka kusoma Kijerumani. Hilo hujawahi kulisikia, kwa sababu kwenye simu nilisema "nitaanza karibuni" na Mama akapiga makofi. Madarasa ya katikati ya wiki yalikuwa yamejaa. Yule mama wa shule ya watu wazima akaniambia nafasi ipo Jumamosi tu. Nikarudi nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu. Shemeji yako akauliza, "Jumamosi? Na safari je?" Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Alisema tumekuja Ulaya kuiona, kozi ipo siku zote, kasri halitanifuata nyumbani Tenkasi. Muhula ukapita. Ukaja mwingine, akasema vilevile, na nikanyamaza vilevile. Yeye si mtu mbaya, dada. Hanipigii kelele, haninyimi kitu, chai ya asubuhi anapika yeye. Labda ndiyo maana nilishindwa hata kukasirika vizuri. Utamlalamikia nani mume anayekutembeza?

Huwa tunasafiri na Sekar, mwenzake shemeji yako ofisini, na mkewe Mekala, watu wa Salem kule kwetu, wanakaa jengo la pili. Hapa kuna tiketi ya kundi, karatasi moja ya siku nzima kwa wote, mradi wawe pamoja. Karatasi hiyo hukaa mfukoni mwa shemeji yako, na ratiba nzima imo kichwani mwake. Sekar hubeba maji. Mekala hubeba vitafunio na maneno. Mimi hubeba wali wa ukwaju.

Jumamosi ile, mwanzoni mwa mwezi huu, ilikuwa zamu ya Tegernsee, ziwa ambalo kuna boti ya kuzunguka. Tulifika stesheni tumechelewa kwa sababu Mekala alirudi kuchukua miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Treni za milimani hutoka mjini zikiwa zimeunganishwa, halafu njiani zinaachana, kila kipande na bonde lake. Kila anayeishi hapa anajua. Hata mimi nilijua, ila kujua tumepanda kipande gani ilikuwa kazi ya shemeji yako.

Watu walikuwa wengi, wenye fimbo za kutembelea theluji, wenye mbwa. Wenzangu wakaingia mlango mmoja, ukajaa. Ilango akanipungia mkono kutoka ndani, "Huo wa nyuma! Panda huo wa nyuma, tutakutana ndani!" Nikapanda. Milango ikafungwa. Nikaanza kutembea kuwafuata, nikafika mwisho wa behewa, nikakuta ukuta. Hakuna njia. Wao walikuwa kipande chao na mimi changu.

Simu yangu alikuwa nayo yeye. Ndiyo inayopiga picha nzuri.

Sikuogopa sana. Nilijiambia tukisimama Holzkirchen nitashuka nikimbilie kwao. Tulisimama Holzkirchen. Sauti ikatangaza kitu kirefu, na mimi nikawa nimebanwa kati ya baiskeli na familia yenye kigari cha mtoto, nasema "samahani, samahani," neno ninalolijua kuliko yote. Nilipofika mlangoni taa ya kitufe cha kuufungulia ilikuwa imeshazimika. Mbele yetu kipande cha kwanza kikaanza kwenda. Reli ilikata kona, nikawaona kupitia kioo, shemeji yako amekaa dirishani, ameinamia ramani, anamwonyesha Sekar kitu kwa kidole. Hakuinua kichwa.

Kisha na sisi tukaondoka, kwa reli yetu.

Muda si muda akaja mkaguzi wa tiketi, mama mnene, nywele amezikata fupi, sauti ya mwalimu wa zamu.

"Tiketi, bibie."

"Iko kwa mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

"Kwenye treni."

Akatazama behewa zima. "Hii?"

"Hapana. Ile."

Watu wakacheka. Hata yule mtoto wa kigarini alicheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka. Mkaguzi akasema, "Ile imekwenda ziwa jingine, mama yangu."

Dada, hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya kwa Kijerumani. Nilisimama nimekumbatia kapu la wali, masikio yanawaka moto, na bado sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inasema, umeelewa kila neno, mjinga wewe, umeelewa kila neno.

Yule mama hakunitoza kitu. Aliniuliza jina la mume, nikalitamka, akashindwa, nikamwandikia kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke. Akawapigia wenzake wa ile treni nyingine. Kisha akanieleza polepole, kwa mikono pia, "Unashuka Schliersee. Unavuka upande wa pili. Treni ya kurudi inakuja, unapanda. Mume wako anakusubiri Holzkirchen. Umenielewa?" Nikasema ndiyo. Na nilikuwa nimeelewa.

Nikashuka. Nikavuka. Nikakaa kwenye benchi chini ya paa, kapu mapajani, kama nilivyoagizwa.

Treni ya kurudi ilikuja kweli. Ilisimama, mlango ukawa hapa na magoti yangu hapa. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikakaa.

Usiniulize kwa nini, sikupanga. Mlango ulibaki wazi kidogo, ukalia, ukajifunga, treni ikaenda zake. Kulikuwa na mwanamke na mbwa wake, amemsindikiza mgeni. Akaniambia, "Imekupita, mama."

"Najua," nikamjibu.

Akanitazama, akamtazama mbwa, akaondoka.

Basi nikakaa. Wanasema ziwa la Schliersee liko hatua chache tu kutoka stesheni, na watu hutoka mbali kuja kuliona. Sikwenda kuliona. Niliangalia reli, na theluji chafu iliyokusanywa pembeni, na kijana aliyekuwa anahangaika kufungua mnyororo wa baiskeli. Nilifungua kapu nikala wali wa ukwaju kwa mkono, hadharani, nikala na sehemu ya Mekala. Hakuna aliyeniambia nisogee. Hakuna aliyejua nilipo kwa hakika. Nikagundua mabega yangu yameshuka, dada, wewe unajua mimi ninavyosoma miili ya watu. Sijui nilikuwa nimeyapandisha tangu lini.

Treni ya pili ikaja. Hiyo niliikataa kwa makusudi, sina cha kujitetea.

Ya tatu ndiyo iliyowaleta, kutoka upande wa pili. Ilango alishuka kabla haijatulia vizuri, koti wazi, kofia mkononi. Uso wake sijawahi kuuona vile, hata siku baba yake alipolazwa. Alinishika mikono yote miwili, akaikagua kama ananihesabu vidole.

"Treni haikuja?"

"Ilikuja."

"Hukuiona?"

"Niliiona."

"Sasa?"

"Sikupanda."

Sekar akageuka akajifanya anasoma ratiba ukutani. Mekala yeye hajui kujifanya. "Hukupanda! Jamani, sisi tumesimama Holzkirchen kwenye upepo, mume wako amelia mbele za watu, boti imeondoka bila sisi, na mwenzetu amekaa! Kwani kukaa kwenyewe hakujakuchosha? Siku tano zote hizo nyumbani unafanya nini?"

"Kule nafungiwa, Mekala. Hapa nilikaa."

"Nani kakufungia? Funguo si unazo?"

Funguo ninazo kweli. Na alikuwa na haki ya kukasirika, maana tulipoanza kurudi yeye alitaka waendelee na Sekar mpaka Tegernsee wakajaribu boti ya mwisho, na hawakuweza. Tiketi moja, watu wanne. Ilibidi wote turudi. Alikaa viti vya mbali, akatafuna bajia zake bila kutukaribisha.

Ndani ya treni nikamwambia shemeji yako, "Muhula mpya unaanza. Jumamosi naenda darasani."

Hakukataa. Afadhali angekataa. Akasema, "Haina maana tena, Kayal."

"Kwa nini haina maana?"

"Mwezi wa nane tunarudi."

Nikafikiri anasema likizo. Ndipo akanieleza. Kazi yote ya kikundi chao inahamishiwa Poland. Waliambiwa kabla ya Krismasi. Mkataba wake ukiisha hauongezwi, na kibali cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hiyo. Ametuma maombi kila mahali, na kila mahali wanamwuliza kitu kimoja, unaongea Kijerumani? Miaka yote hii ofisini walikuwa wanaongea Kiingereza.

"Tangu Krismasi," nikasema.

"Sikutaka uhesabu siku. Nilitaka uone. Nikasema angalau tukirudi, uwe umeona kila kitu."

"Na baba yako?"

"Baba anawaambia watu wa mgahawani kwamba mimi ni bosi." Akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa kofia. "Nitamwambia nini, Kayal? Nitampelekea picha."

Dada, nilimhurumia. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata. Mtu yule amekuwa anakimbia kutoka stesheni hadi stesheni kama anayeokota vitu kwenye nyumba inayoungua. Lakini nilimwambia, "Umenikimbiza na mimi, na hukuniambia tunakimbia nini." Kisha nikamwambia lile lililonichoma zaidi, kwamba mikono yangu hapa inatafutwa. Kwenye kliniki iliyo karibu na duka letu limebandikwa tangazo la kazi yangu ile ile, liko pale tangu kiangazi, na sharti ni lugha na vyeti. Kama ningeanza pale nilipoomba mara ya kwanza, leo ningekuwa mahali fulani. Kibali kingeweza kuwa changu na yeye akawa chini yangu.

Akasema, "Sikujua."

Nikasema, "Hukuuliza."

Tukashuka Giesing. Kwenye ngazi Mekala aliniambia usiku mwema kwa sauti kavu. Kesho yake, hata hivyo, alileta bakuli la uji wa dengu, akasimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kuchukua kapu langu," na kapu lilikuwa la kwangu. Akaingia, akakaa mpaka jioni. Yeye naye hajui nini kitatokea kwake. Hakusema sana, ila hakuwa na haraka ya kuondoka.

Usifikiri kurudi kungenifurahisha. Nimelia humu ndani mara nyingi nikitaka kurudi. Sasa nimefunguliwa mlango wa kurudi na siutaki, siyo hivi. Nirudi Tenkasi na albamu? Nikae sebuleni kwa mama mkwe, niwaonyeshe wageni mahali nilipopewa amri ya kutabasamu? Kukaa siwezi, kurudi siwezi. Wakati mwingine nasimama katikati ya jiko na kijiko mkononi, sijui nilikuwa naenda upande gani.

Jana nilianza darasa. Tuko watu wa kila rangi, wengi wamenizidi umri. Bwana mmoja kutoka Aleppo, fundi meno, hutamka kila kitu kwa nguvu kama anagombana. Tulijifunza kusema jina, mahali tulipotoka na kazi tunayofanya. Mwalimu aliponifikia mimi nilisema natibu viungo vya watu. Sikusema "nilikuwa natibu." Kwanza wakati uliopita hatujafika.

Shemeji yako alisema ataenda Nuremberg mwenyewe. Sekar na Mekala wamepata wenzao wengine. Alijifungia mkate kwenye karatasi, akatoka kabla yangu. Niliporudi mchana nilimkuta jikoni, koti bado mwilini.

"Nuremberg imekuwa karibu hivyo?"

"Sikufika. Nilishuka Ingolstadt, nikapanda ya kurudi."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitoa simu nipige picha. Sikuwa na wa kumwambia asogee."

Nilitamani nikae karibu naye. Nilitamani pia nimtupie kitabu. Akaniuliza, "Mmesoma nini?" Nikamwambia. "Na hiyo ya kazi ulijibuje?" Nikamwambia. Akasema, "Lakini huifanyi." Nikasema, "Ndivyo nilivyojibu." Akavua koti. Akakaa akasikiliza ninavyorudia maneno mezani, akajaribu moja chini kwa chini, akalikosea. Nilimsahihisha. Chakula nilimwambia kiko jikoni, ajipakulie.

Sasa, dada yangu, ombi langu. Vyeti vyangu vya chuo na barua ya hospitali viko nyumbani kwa Mama, kwenye kabati la chuma, rafu ya juu, chini ya sari ya harusi. Naomba uvichukue. Ninahitaji vile vyenyewe, nakala hazitoshi. Utume kwa njia ya kusainiwa, kwa jina langu mimi, siyo la Ilango. Mama akikukuta kabatini mwambie lolote, wewe unajua kumweleza. Usimwambie habari za mwezi wa nane. Hilo shemeji yako amwambie baba yake kwanza, kwa mdomo wake.

Yeye hajui kama naviomba. Na mimi mwenyewe, nikiandika hivi, sijui bado kama vikifika nitavitumia kwa ajili ya nyumba ya watu wawili au ya mmoja. Nikuombe usinijibu hilo. Nitumie vyeti tu.

Msalimie sana shemeji, mwambie asimkaripie Kathir kwa ajili ya hesabu, atazielewa kwa wakati wake. Nila mwambie nywele zake asikate. Nibusie Mama na Mama Mdogo, na hata huyo wa majani ya mchuzi. Baba, ukipita kwenye picha yake, mwekee ua kwa niaba yangu. Mungu awalinde, aishike nyumba yenu, na goti lako likubebe utakako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda popote alipo,

Kayalvizhi